Aya ya Thelathini na Moja

Nilikuwa mpiga chapa wa kukodiwa, Stockport,
chumba juu ya fundi viatu,
peni nne kwa ukurasa, karatasi ni ya mteja.
Bwana Pettifer alikuja Jumanne na mvua mgongoni,
karani wa kodi, vidole vya samawati.
Si wino: ni rangi ya makoti
ya askari wenye kimo cha pingili ya kidole.

Akaweka madaftari matatu mbele yangu.
"Ni vita," akasema, akaona haya.
"Vita vya mezani. Nataka viwe na sheria."

Nikasoma kabla ya kupiga, ndiyo desturi yangu.
Farasi huenda inchi kumi na mbili penye nyasi,
nne penye tope. Mzinga haugeuzwi na kufyatuliwa
kwa zamu moja. Moyo wa kikosi hupimwa kwa dadu mbili,
na atakayeitazama dadu ya mwenzake kwa jicho baya
atachemsha chai.
Hiyo ya chai ni aya ya tisa. Niliipenda.

Umeyatoa wapi yote haya? Maktaba, akanijibu.
Kumbukumbu za kanali aliyelalamikia soksi kurasa mia,
atlasi ya shule yenye doa la jemu juu ya Danubi,
historia ya kikosi ambayo hakuna aliyeiazima
ila yeye, na yeye, na yeye tena,
jina lake likishuka kwenye kadi kama ngazi.
Nyumbani alivilaza mezani, akavifunika
kitambaa cha kijani, vikawa vilima.
Mchana alivisoma, usiku aliviteka.

Aya ya thelathini na moja ilikuwa na mistari miwili.
*Mpiga ngoma akiwa hai, kikosi hakikimbii.*
*Mpiga ngoma akipatwa kwa sita, aondolewe mezani.*

Nilipiga wa kwanza.
Kengele ya mashine ikalia.
Nikautazama wa pili.
Nikapiga aya ya thelathini na mbili.

Yeye hakuona. Mwandishi hasomi anachokijua kwa moyo.
Nakala mia mbili, pini mbili mbili, wino wa zambarau
unaonuka spiriti, zikaenda Leeds, Aarhus, Christchurch.
Kisha barua. Watu wazima, wenye vitambi na rehani:
*Kanuni haisemi kwamba hufa.*
*Haisemi kwa kuwa ni dhahiri!*
*Hiyo dhahiri iko ukurasa gani?*
Toleo la pili, Bwana Pettifer, kwa kuogopa kuchekwa,
akaongeza kwa mkono wake mwenyewe:
*Mpiga ngoma hafi. Ndivyo nilivyokusudia.*

Walidhani jicho liliteleza. Halikuteleza.
Kaka yangu Wilfred alipiga ngoma ya vijana wa kanisa
kila Jumapili, akipoteza mdundo kwenye kona ileile,
akicheka, akiukuta tena mbele ya duka la nyama.
Kisha Korea.
Telegramu nayo ilikuwa na mistari miwili.
Ule wa pili sikuweza kuuruka.

Jumamosi wamenialika ukumbi wa Wamethodisti,
bibi kizee aliyechapa kitabu.
Wakanipa kiti chenye mto, na biskuti.
Msichana mmoja, Jasleen, alikuwa anashindwa vibaya.
Askari wake wa risasi waliondolewa safu kwa safu
hadi akabaki yule mdogo peke yake kilimani,
rangi imembanduka puani, vijiti vimeinuliwa.
Mpinzani akatupa sita. Akatupa sita tena.
Jasleen hakusema neno. Akafungua ukurasa,
akaweka kidole.

Baadaye akaniuliza, kwa sauti ya chini,
eti ni kweli yule bwana alikusudia?
Nikamwambia: mtu alikusudia.
Akaniangalia kidogo. Hakuuliza zaidi.
Akamviringisha katika karatasi laini,
akamlaza ndani ya kopo la biskuti pamoja na wafu,
ila uso akauacha wazi.